Mlima wa Vigae: Logi za Warumi Zilizosahaulika Kufutwa

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu MySQL, na wawili kati yenu wameshaniandikia kunikumbusha deni. Italipwa. Leo naomba mnivumilie nizungumzie takataka za mji wa Roma, na sababu ya kuzizungumzia naianzia hapa nyumbani.

Mwaka jana nilikuwa natunza seva ya mteja mmoja, msambazaji wa unga na mafuta ya kupikia. Usiku mmoja diski ikajaa, mfumo ukakataa kupokea oda, simu ikaanza kulia. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikaingia, nikatafuta faili kubwa kuliko zote, nikakuta ni logi za mizani ya ghala. Miezi 14 ya mistari ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisoma. Nikazifuta. Hifadhidata ya mauzo sikuigusa, kwa maana hiyo ndiyo tuliyoiita data. Zile nyingine zilikuwa makapi.

Wiki tatu baadaye duka moja likalalamika kwamba limekuwa likipokea mzigo pungufu kwa miezi mingi. Dereva akashukiwa. Mizani ilikuwa ikiandika uzito wa kila lori lilipotoka, lakini uzito huo ulikuwa kwenye zile logi tu. Kwenye hifadhidata kulikuwa na kilichoagizwa na kilicholipiwa. Dereva akakatwa mshahara miezi mitatu. Labda aliiba, labda hakuiba. Kilichoweza kutuambia nilikifuta mimi saa saba usiku, na hata nakala rudufu sikuwa nayo.

Katika hali hiyo ndipo nikaanza kusoma habari za Monte Testaccio.

Ukiwa Roma, upande wa kusini wa mji wa kale, karibu na ukingo wa mto Tiber, kuna kilima chenye urefu wa mita 35 hivi juu ya ardhi inayokizunguka, na mzunguko wa karibu kilomita moja. Kimeota nyasi na miti, na ukikiangalia kwa mbali hukitilii shaka. Lakini si kilima cha Mungu. Chote, kutoka chini hadi kileleni, ni mitungi iliyovunjwa. Jina lenyewe linasema hivyo: Testaccio limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya vigae.

Mitungi hiyo wataalamu huiita amfora. Ndiyo iliyokuwa galoni, katoni na kontena za dunia ya Warumi. Mvinyo, mafuta ya zeituni, mchuzi wa samaki, vyote vilisafiri ndani ya amfora, na kila eneo lilikuwa na umbo lake, hivi kwamba mtaalamu akiokota kipande cha mdomo au mkono wa mtungi anaweza kukuambia ulitoka wapi na mara nyingi ulibeba nini. Iliyojaa Testaccio ilikuwa ya mafuta ya zeituni. Takriban asilimia 80 ilitoka Baetica, yaani kusini mwa Hispania, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Afrika Kaskazini, katika nchi ambazo leo ni Libya na Tunisia.

Ni mitungi mingapi? Makadirio yanaanzia milioni 25 hivi na kufika milioni 53. Na hapa niwape tahadhari kidogo. Kwenye mtandao utakuta imeandikwa mara nyingi kwamba mitungi hiyo milioni 53 ilibeba lita bilioni 6 za mafuta. Mtungi wa Baetica ulibeba karibu kilo 70. Pigeni hesabu wenyewe. Hata ukikumbuka kwamba lita moja ya mafuta haifiki kilo, unapata kama lita bilioni 4. Nimeona sentensi hiyo imenakiliwa kwenye tovuti nyingi, na hakuna hata moja iliyosema hizo bilioni mbili zilimwagikia wapi.

Swali la kwanza nililojiuliza ni kwa nini waivunje. Mtungi mtupu una thamani. Mama yangu hawezi kutupa debe. Amfora za mvinyo zilitumiwa tena kwa kazi nyingine. Ila mtungi wa mafuta wa Baetica ulikuwa mzito, kilo 30 ukiwa mtupu, wenye tumbo la mviringo kama chungu kikubwa, na udongo wake ulifyonza mafuta ambayo baadaye yaliharibika na kunuka. Kuurudisha Hispania mtupu ilikuwa hasara. Kwa hiyo meli zilipoteremsha mizigo pwani, na mashua zikaupandisha mto mpaka gati la Roma, mafuta yalimiminwa, mitungi ikapelekwa nyuma ya maghala na kuvunjwa. Kisha wakanyunyizia chokaa ili kupunguza harufu.

Wala hawakuitupa ovyo. Waliochimba wamekuta kuta za kuzuia maporomoko, zilizojengwa kwa mitungi iliyojazwa vigae, na matuta yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Kilima kilikuwa na usimamizi. Ndiyo sababu mpaka leo tabaka zake zinaweza kusomwa kwa mpangilio, la chini likiwa la zamani na la juu likiwa la karibuni, kama logi inayoandikwa mstari mpya juu ya mwingine. Sehemu iliyochunguzwa zaidi ni ya karne ya 2 na ya 3 baada ya Kristo.

Kwa mamia ya miaka watu wa Roma walijua kwamba kile ni kilima cha vigae na hawakuona ajabu. Walichimba mapango kwenye miguu yake wakahifadhi mvinyo humo, kwa kuwa hewa inayopita kati ya vigae hubaki baridi hata wakati wa joto. Mpaka leo kuna mikahawa iliyojipenyeza humo. Aliyeanza kukisoma kilima hicho kama maandishi ni Mjerumani mmoja, Heinrich Dressel, mwaka 1872. Dressel alitambua kwamba vigae vile vimeandikwa. Alitumia miaka mingi kuyakusanya maandishi hayo, na mwaka 1899 yakatolewa katika mkusanyo mkubwa wa maandishi ya Kilatini, pamoja na jedwali la maumbo ya mitungi. Umbo la mtungi wa mafuta wa Baetica ni la 20 katika jedwali lake, na hadi leo mtungi huo unaitwa Dressel 20. Fikiria mtu anabuni namba za toleo mwaka 1899 na bado zinatumika!

Sasa tufike kwenye maandishi yenyewe, maana hapa ndipo mtu wa programu anakaa wima kwenye kiti.

Kwenye mtungi mmoja kulikuwa na maandishi ya aina mbili. La kwanza ni muhuri uliogongwa kwenye udongo mbichi, mara nyingi kwenye mkono, kabla mtungi haujaingia tanurini. Aina ya pili iliandikwa kwa wino au rangi wakati mtungi ukiwa tayari umejazwa. Dressel aliona kwamba maandishi hayo ya wino yana sehemu zisizobadilika mahali pake, akazipa herufi za Kigiriki. Alfa, juu karibu na shingo, ni uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Beta, chini yake, ni jina la mfanyabiashara au msafirishaji. Gama, katikati ya tumbo, ni uzito wa mafuta peke yake, kwa kawaida ratili 216 za Kirumi hivi, au karibu zaidi au pungufu. Delta imeandikwa pembeni kwa mwandiko wa haraka, na ndiyo ya ukaguzi: ina jina la mji uliosimamia, kama Hispalis, Corduba au Astigi (leo Sevilla, Córdoba na Écija), ina uzito wa mafuta kwa mara nyingine, jina la mtu aliyehusika na ukaguzi, na mara nyingi mwaka, ambao Warumi waliutaja kwa majina ya makonsuli wawili wa mwaka huo.

Mimi nilirudia aya hiyo mara mbili. Uzito mtupu, uzito wa mafuta, kisha uzito wa mafuta tena kwa mkono wa mtu mwingine. Ukiuweka mtungi ule kwenye mizani popote njiani, Sevilla, pwani, au kwenye gati la Roma, jumla inapaswa kukubaliana na kilichoandikwa. Ikikataa, mafuta yamepungua na unajua aliyepima mwanzo ni nani. Hawakuhitaji kurudi kwenye daftari la mtu, kwani mzigo ulibeba kumbukumbu zake mgongoni. Mimi na mizani yangu ya kisasa, na mtandao, na seva, sikuweza kumpa dereva wa Kenya kile ambacho karani wa Hispania alikuwa akikiandika kwa wino karibu miaka 1,900 iliyopita.

Haya. Muhuri nao una hadithi yake. Muhuri peke yake hausemi mengi: herufi tatu au nne, vifupisho vya majina. Lakini kati ya mwaka 1889 na 1901 George Bonsor, mchunguzi aliyeishi huko Hispania, alizunguka kingo za mto Guadalquivir akitafuta mabaki ya matanuri ya Kirumi, na kwenye marundo ya mitungi iliyoharibika wakati wa kuchomwa akakuta mihuri. Mihuri ileile iliyokuwa Roma. Sasa tunajua matanuri karibu 100 kwenye bonde hilo. Kwa wale mnaoandika SQL, hii ni kuunganisha majedwali mawili yaliyotengana kwa kilomita zaidi ya 1,500, moja likiwa jaa la kiwanda na jingine jaa la mlaji, na ufunguo wao wa pamoja ni herufi tatu kwenye udongo. Na jedwali la tatu lipo pia, maana Dressel 20 zimepatikana kwenye kambi za askari huko Ujerumani na Uingereza. Mafuta ya mkulima mmoja wa Guadalquivir yaliweza kuishia sokoni Roma au kwenye chakula cha askari aliyetetemeka kwa baridi mpakani, na leo tunaweza kuifuata njia hiyo.

Tangu 1989 timu ya Kihispania iliyoongozwa na José María Blázquez na José Remesal imekuwa ikichimba kwenye kilima, na Chuo Kikuu cha Barcelona kina hifadhidata ya mitandaoni, CEIPAC, yenye makumi ya maelfu ya maandishi ya amfora. Nilikaa nayo jioni nzima. Ni tovuti ya sura ya zamani, ya aina ninayoipenda, haina mbwembwe.

Niwape mfano mmoja wa kinachopatikana humo ambacho hakuna mwandishi wa kale aliyekieleza wazi. Katika karne ya 2, sehemu ya beta ina majina ya wafanyabiashara binafsi. Kuna jamaa ya akina Caecilius wanaojitokeza tena na tena, kizazi baada ya kizazi, bila shaka matajiri wa mafuta. Kisha karibu mwisho wa karne hiyo majina ya watu yanatoweka. Mahali palepale, sehemu ileile, linaandikwa jina la kaizari: Septimius Severus na wanawe. Baada ya mwaka 217 linakuja jina la hazina ya serikali. Halafu, miaka kadhaa baadaye, majina ya watu binafsi yanarudi.

Ni kama kuona safu ya "mmiliki" kwenye jedwali ikibadilika kwa siku moja katika rekodi zote. Kuna kitu kilitokea. Mwaka 197 Severus alimshinda mpinzani wake Clodius Albinus huko Lugdunum, Lyon ya leo, na akawapokonya mali wengi waliomuunga mkono, wakiwemo watu wa Hispania. Wanahistoria wanayahusisha majina ya vigaeni na tukio hilo, na pia na habari kwamba Severus aliwapa wakazi wa Roma mafuta ya bure. Wanabishana kama dola ilitwaa mashamba, au biashara, au usafirishaji peke yake. Mimi sina cha kuongeza katika ubishi huo. Ninachokiona ni kwamba unyang'anyi wa mali ulioendeshwa na kaizari umeacha alama kwenye lebo za mitungi ya mafuta, na waliokuwa wakizitupa hawakuwa na wazo kwamba wanaacha ushahidi. (Severus mwenyewe alizaliwa Leptis Magna, Libya, mji uliotajirika kwa mafuta ya zeituni. Alijua thamani ya anachokichukua.)

Kabla hamjadhani kwamba hili ni jambo la Roma na mafuta tu, kuna kisa kingine kidogo kinachonichekesha. Kusini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Millau, kuna mahali panapoitwa La Graufesenque. Katika karne ya 1 palikuwa na wafinyanzi wengi waliotengeneza vyombo vya mezani vyekundu vinavyong'aa. Walichomea pamoja: tanuri moja, wafinyanzi wengi, vyombo 25,000 au 30,000 kwa mchomo mmoja. Sasa chombo cha nani ni cha nani? Walikwaruza orodha kwenye sahani mbichi: mchomo wa ngapi, jina la mfinyanzi, aina ya chombo, ukubwa, idadi. Kisha sahani hiyo ikachomwa pamoja na mzigo wenyewe. Orodha hizo zimechanganya Kilatini na lugha ya wenyeji, Kigauli, ambayo ilikufa na kuacha maandishi machache mno. Na kwa sababu waliandika "mchomo wa kwanza", "wa pili", hadi "wa kumi", leo tunajua Kigauli kilivyohesabu. Lugha nzima ilipotea na namba zake zikaokolewa na logi ya tanuri.

Na vyombo hivyo vilikwenda wapi? Mwaka 1881, huko Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, walichimbua nyumba moja wakakuta sanduku la bidhaa ambalo mwenyewe alikuwa hajalifungua. Ndani kulikuwa na bakuli nyekundu 90, nyingi zikitoka La Graufesenque, na taa karibu 40 za kaskazini mwa Italia. Ladha ya kisa hiki iko hapa: vizazi viwili vitatu nyuma, vyombo vyekundu vilitengenezwa Italia, huko Arezzo, na kuuzwa Gaul. Wagauli wakajifunza, wakafungua viwanda vyao, na sasa wakawa wanawauzia Waitalia mlangoni kwao. Hakuna seneta aliyeona jambo hilo linafaa kuandikiwa kitabu.

Basi nilipofika hapo nikaanza kujidanganya kwamba vigae vinatuambia kila kitu. Havituambii. Roma iliishi kwa ngano kabla ya mafuta, na ngano hiyo ilitoka Misri na Afrika Kaskazini kwa meli nyingi kila mwaka. Maghala yake yapo, magofu ya bandari yapo, lakini hakuna kilima cha ngano. Gunia huoza. Anayehesabu biashara ya Roma kwa kuhesabu vigae ataona mji unaoogelea kwenye mafuta na kusahau mkate. Pipa la mbao nalo, lilipoanza kushika nafasi ya amfora katika kubeba mvinyo, liliifanya biashara ionekane imepungua, kumbe kilichopungua ni udongo.

Na sisi wa pwani hii tumo kwenye hasara hiyo. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kinachoitwa Periplus kinataja bandari ya Rhapta, kwenye pwani iliyoitwa Azania, mahali fulani kusini kwenye mwambao wetu wa Afrika Mashariki, na kinasema pembe za ndovu nyingi zilisafirishwa kutoka huko, pamoja na pembe za kifaru na magamba ya kobe. Pembe hazikuwekwa kwenye mitungi. Hazikupigwa muhuri wa tanuri wala kuandikiwa uzito mtupu ubavuni. Zilifika, zikachongwa zikawa vitana, vishikizo vya visu na miguu ya vitanda vya matajiri, na jina la aliyeziuza halikupanda nazo. Mzalishaji wa mafuta wa Écija tunaweza kumtaja kwa jina. Mwindaji wa Azania hatuwezi.

Hata kwenye Testaccio kwenyewe kuna pengo kama hilo. Mfanyabiashara ana sehemu yake, beta. Mkaguzi ana sehemu yake, delta. Mfinyanzi au mwenye tanuri ana muhuri. Mtungi uliojaa ulikuwa na kilo 100, na kuna watu walioutoa melini, wakaushusha gatini, wakaubeba hadi ghalani, na wengine waliopandisha vigae hadi juu ya kilima mwaka baada ya mwaka. Muundo wa ile rekodi haukuwa na sehemu ya kuandika majina yao.

Yule dereva siku hizi anaendesha lori la kampuni nyingine. Mfumo wa mteja sasa unaandika uzito wa kutoka na wa kufika kwenye hifadhidata, kwa saa na kwa jina la aliyepima, na nimeongeza safu ya jina la dereva, ambalo kabla ya hapo halikuwa likihifadhiwa popote isipokuwa kwenye karatasi za mishahara. Logi za zamani nazihamishia kwenye diski ya pembeni kila Jumapili.

Kuhusu MySQL, sehemu ya pili iko njiani, wiki ijayo Mungu akipenda. Na kama kuna msomaji aliyewahi kufika Testaccio, atuandikie hapo chini aliona nini.